Kimpumu kwenye Maonyesho

Hapo awali siku ya wakulima ilikuwa Saba Saba. Katika miaka ya 1990 ikahamia Nane Nane. Wakulima wa Rungwe hupeleka mazao yao Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Huko nilishinda siku moja nikionja ndizi za kupikwa, maziwa ya mgando, chai, na kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija.

Ladha ilikuwa ile ile ya Tukuyu. Kilichobadilika ni namna ya kunywa. Zamani Wanyakyusa wa rika moja walijenga kijiji chao, wakala na kunywa pamoja. Ujirani huo waliuita ukwangala, na Monica Wilson, aliyewachunguza miaka ya 1930, alikipa kitabu chake cha mwaka 1951 jina lenye maana hiyo, Good Company. Uchawi nao waliuhusisha na uroho wa nyama na maziwa.

Maonyeshoni unalipa, unakunywa, unampisha mwingine. Silaumu, maana muuzaji anasomesha watoto. Lakini mbegu na mbolea zina mabanda yake, ukwangala hauna. Huo tutaulinda wenyewe majumbani, au utatoweka huku kimpumu kikiendelea kuuzwa.