Elimu ya Mazingira: Kutoka Mugumo wa Wazee hadi Darasa la Kanyakine

Kabla ya shule kufika Kanyakine, katika Meru, mtoto wa Kimeru alikuwa na walimu wa mazingira. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, walisimamia vijisitu vya ibada, na mugumo, mti mtakatifu, haukukatwa ovyo. Mtoto alijifunza kwa kuona na kwa kukatazwa.

Serikali ya kikoloni ilileta njia nyingine: amri. Katika miaka ya 1940, wakazi wa nyanda za juu za Kenya walishurutishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1947, watu wa Murang'a waligoma kuyachimba. Matuta yenyewe hayakuwa na ubaya, maana leo wakulima wa milimani huyachimba kwa hiari. Kilichokosekana ni maelezo na ridhaa.

Baada ya uhuru, vijana walitangulia. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha vyama vya wanyamapori shuleni, vya kwanza vya aina hiyo barani Afrika. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira, uliofanyika Stockholm mwaka 1972, ulizaa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yakawa Nairobi. Kisha Oktoba 1977, UNESCO na UNEP zikaita mataifa kwenye mkutano mjini Tbilisi. Huko elimu ya mazingira ilipewa malengo matano: utambuzi, maarifa, mtazamo, stadi na ushiriki.

Mwaka huohuo, Wangari Maathai alianzisha nchini Kenya Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti. Wanawake wa vijijini walifundishwa kuotesha miche, na katika vitalu vyao malengo yote matano yalionekana kwa vitendo. Mwaka 2004 Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinamtaka kila mtu ashirikiane na serikali kuyalinda.

Kanyakine iko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, penye chai, kahawa na mito iendayo Mto Tana. Mwanafunzi anayejua kueleza mmomonyoko kwenye mtihani, huku kwao mikaratusi ikinyonya maji kando ya mto, amefikia maarifa tu. Bado ushiriki. Walimu na wazazi, mpeni mtoto jembe, mche wa asili na kipande cha ukingo wa mto autunze. Elimu ya mazingira ipimwe hapo.