Matatizo ya kibodi na Wi-Fi katika Linux

Matatizo ya kibodi na Wi-Fi katika Linux ni hitilafu zinazojitokeza katika kompyuta mpakato zinazotumia mfumo endeshi wa Linux, pale vitufe vinapokosa kufanya kazi ipasavyo au kompyuta inaposhindwa kuungana na mtandao usio na waya. Kwa kawaida huelezwa kama mambo mawili tofauti, lakini mara nyingi la pili huanzia katika la kwanza: kitufe kilichobonyezwa bila kukusudia kimezima redio, au kibodi inaandika herufi nyingine na neno la siri linakataliwa. Asiyelijua hilo huweza kulipia kadi mpya ya Wi-Fi huku ya zamani ikiwa nzima.

== Redio iliyozimwa ==
Kompyuta mpakato nyingi zina kitufe cha kuzima redio, chenye picha ya ndege au ya mnara, kinachobonyezwa peke yake au pamoja na Fn. Baadhi ya zile za zamani zina swichi ndogo ubavuni. Kiini cha Linux hufuatilia hali hiyo kupitia sehemu iitwayo rfkill. Amri ''rfkill list'', ikiandikwa katika terminali, huorodhesha kila redio ikifuatwa na mistari miwili: ''Soft blocked'' na ''Hard blocked''.

Mstari wa kwanza ukisema ''yes'', zuio limewekwa na programu, nalo huondolewa kwa ''rfkill unblock wifi''. Wa pili ukisema ''yes'', zuio linatoka kwenye swichi au kifaa chenyewe, na kurudia amri hiyo hata mara ishirini hakusaidii. Ni lazima swichi isogezwe.

Hata hivyo taarifa ya zuio la swichi huweza kuwa ya uongo. Draiva ''ideapad_laptop'' imewahi kuitoa katika baadhi ya kompyuta za Lenovo ambazo hazina swichi kabisa. Kuiondoa kwa ''sudo modprobe -r ideapad_laptop'' hurudisha Wi-Fi, ingawa baadhi ya vitufe vya Fn huweza kuacha kufanya kazi.

== Famuwea ==
Ikiwa orodha ya rfkill haitaji Wi-Fi popote, huenda kadi haijapata draiva au famuwea, yaani programu ya mtengenezaji inayoendeshwa ndani ya kadi yenyewe. Amri ''lspci -k'' huonyesha kadi nyingi za ndani na draiva zake; ''sudo dmesg'' hutaja faili la famuwea lililokosekana.

Kadi za zamani za Broadcom zimesumbua wengi. Draiva yake ''b43'' iliingia katika kiini toleo la 2.6.24 mwaka 2008, lakini famuwea haikuruhusiwa kusambazwa pamoja na Linux. Mtumiaji anatakiwa kuipakua kutoka intaneti, na intaneti ndiyo anayoikosa! Njia rahisi ni kuunganisha simu kwa waya wa USB na kuiruhusu igawe intaneti yake; Linux huiona kama mtandao wa waya. Debian 12 ya mwaka 2023 ilianza kuweka famuwea za kadi nyingi ndani ya diski rasmi ya kusakinishia.

== Kibodi inayoandika vingine ==
Kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya Ujerumani ina Z mahali pa Y, na ya Ufaransa ina A mahali pa Q. Mpangilio uliochaguliwa katika Linux usipolingana na vitufe, neno la siri hukosewa bila kuonekana, kwa kuwa skrini huonyesha nukta tupu. Num Lock nayo, katika baadhi ya kompyuta ndogo, hugeuza J, K na L kuwa 1, 2 na 3. Kwa hiyo neno la siri liandikwe kwanza mahali linapoonekana, ndipo rauta ilaumiwe.

== Kibodi isiyoandika kabisa ==
Hapa kipimo ni kuijaribu kabla Linux haijaanza, katika BIOS au orodha ya GRUB. Ikikataa huko pia, tatizo kwa kawaida ni la kifaa: vumbi, maji au utepe wa waya uliolegea. Ikikubali huko na kukataa baadaye, lawama ni ya kiini. Kibodi nyingi za ndani hupitia kidhibiti kiitwacho i8042, na kuongeza ''i8042.reset'' au ''i8042.nomux'' katika mstari wa kuanzishia kiini hutibu baadhi yake. Kibodi ya nje ya USB haipitii kidhibiti hicho, hivyo inafaa kutumika wakati wa matengenezo hayo.