Sumu Iliyotafutwa Mahali Pasipo Pake

Mwaka 1883, daktari Mjerumani Robert Koch alitoka Misri akielekea Calcutta, akiufuata ugonjwa wa kipindupindu. Huko, mwaka 1884, aliwatenga bakteria waliopinda aliowashuku tangu Misri, na akasema jambo jingine ambalo lingesubiri miaka 75 kuthibitishwa: kwamba bakteria hao hutoa sumu, na sumu hiyo ndiyo inayomuumiza mgonjwa. Alikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Kwenye maiti zilizopasuliwa, bakteria walijaa utumboni lakini kwenye damu hawakuonekana.

Pwani yetu ilikuwa imekwisha kuujua ugonjwa huo kwa uchungu. James Christie, daktari aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870, alichapisha kitabu kizima mwaka 1876 kuhusu njia ulizopitia kufika Afrika Mashariki. Njia aliweza kuzifuatilia. Namna ugonjwa unavyomkausha mtu maji ndani ya siku moja, hilo hakuna aliyeweza kulieleza.

Kosa lililofuata lilitoka karibu na Koch mwenyewe. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, aliyefanya kazi kwenye maabara yake, aligundua kwamba bakteria wa kipindupindu waliokufa nao wana sumu, iliyo sehemu ya miili yao. Ugunduzi ulikuwa wa kweli, ila haukuhusu kuhara. Kwa miongo kadhaa watafiti waliwadunga wanyama bakteria kwenye mishipa ya damu au ndani ya uwazi wa tumbo. Wanyama walikufa, lakini hawakuhara, na wengi hawakuona kwamba hapo pana swali.

Aliyeliona ni Sambhu Nath De, mzaliwa wa 1915 katika kijiji cha Garibati, Bengal. Alisomea udaktari Calcutta, akapata shahada ya uzamivu London mwaka 1949, kisha akarudi kwenye mji ambao kipindupindu kilikuwa mgeni wa kila mwaka. Wazo lake lilikuwa jepesi kiasi cha kushangaza: kama ugonjwa uko utumboni, basi jaribio lifanyike utumboni.

Alimpasua sungura, akautoa utumbo mwembamba, akafunga kipande chake kwa uzi pande zote mbili bila kukikata. Ndani ya kifuko hicho akadunga bakteria hai, akaurudisha utumbo mahali pake na kumshona mnyama. Kesho yake kile kipande kilikuwa kimevimba, kimejaa maji meupe kama yaliyooshewa mchele, yale yale yanayomtoka mgonjwa wa kipindupindu. Vipande vya jirani visivyo na bakteria vilikuwa bapa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1953.

Bado mtu angeweza kusema bakteria wenyewe ndio waliochokoza utumbo. Kwa hiyo De aliwakuza kwenye maji yenye virutubisho, akawachuja wote, akadunga yale maji matupu. Utumbo ukajaa vile vile. Makala yake ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1959. Kilichofanya kazi kilikuwa kimeachwa nje na bakteria walio hai.

India haikumpa heshima iliyomstahili; alifariki 1985 bila kuchaguliwa kuwa mwanachama wa akademia yoyote ya sayansi nchini mwake. Mwaka 1969 Richard Finkelstein na mwenzake, Marekani, walikuwa wamekwisha kuisafisha sumu yenyewe. Ni protini yenye sehemu sita. Tano hushika mafuta fulani yaliyo juu ya seli ya utumbo. Ya sita huingia ndani na kukwamisha swichi moja ya seli isizimike tena. Seli humwaga kloridi bila kukoma, sodiamu na maji hufuata, na mgonjwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Lakini protini kubwa hivyo hutokaje ndani ya bakteria aliyezungukwa na tando mbili? Sehemu zake huvuka utando wa ndani moja moja, kabla hazijakunjwa. Katikati ya tando hizo mbili hukunjwa na kuunganishwa. Kisha mtambo wa protini nyingine huisukuma sumu iliyokamilika kupitia mlango kwenye utando wa nje. Bakteria ambaye jeni za mtambo huo zimeharibiwa huendelea kuitengeneza, lakini humbakia mwilini. Bakteria wengine, kama Salmonella, wana chombo cha namna nyingine, chenye umbo la sindano, cha kupenyeza protini moja kwa moja ndani ya seli. Kilionekana kwa hadubini ya elektroni na kuelezwa mwaka 1998. Bakteria wa kipindupindu hana haja ya kuingia popote. Hukaa juu ya ukuta wa utumbo na kuachia sumu yake itangulie.

Ukuta huo hautobolewi wala hauchubuliwi, na hapo ndipo tiba ilipopita. Sumu haigusi njia inayonyonya sukari pamoja na chumvi. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojaa kambini Bangaon, India, na dripu zikaanza kuisha, daktari Dilip Mahalanabis aliagiza glukosi na chumvi zichanganywe kwenye mapipa ya maji, na ndugu wa wagonjwa wakawanywesha. Vifo, vilivyokuwa vikifikia asilimia 30 hivi, vilishuka hadi chini ya asilimia 4.