Kicheko na Damu: Wahakiki Mbele ya Bonnie and Clyde

Filamu ya Bonnie and Clyde ilipoanza kuonyeshwa New York mnamo Agosti 1967, Bosley Crowther, mhakiki wa gazeti la New York Times tangu 1940, aliishutumu vikali, akidai kwamba mwongozaji Arthur Penn alikuwa amewageuza Bonnie na Clyde, wauaji wa kweli wa miaka ya 1930, kuwa vichekesho. Filamu za wizi wa ujanja, yaani zile zinazosimulia uhalifu kama mchezo hata mtazamaji akawaombea wezi wafanikiwe, hazikuwa ngeni. Kilichomkera Crowther ni kuchanganywa kwa kicheko na damu.

Mchanganyiko huo unaonekana wazi katika onyesho moja. Dereva wa genge, badala ya kuliacha gari tayari mbele ya benki, analiegesha kwa uangalifu katika nafasi finyu, hivyo wenzake wanapotoka mbio na fedha wanamkuta akihangaika kulichomoa. Watazamaji wanacheka, kisha mtu wa benki analidandia gari, Clyde anampiga risasi ya uso kupitia kioo, na kicheko kinakatika papo hapo. Pauline Kael, katika makala ndefu iliyotoka katika jarida la New Yorker mwezi Oktoba, aliiona hiyo kuwa ndiyo sanaa yenyewe, akahoji kwa nini filamu nyingine zilizoikosea historia zilisamehewa. Joe Morgenstern wa Newsweek aliitazama tena na, wiki moja baada ya kuiponda, akaukana uhakiki wake hadharani, jambo ambalo wahakiki hulifanya kwa nadra mno. Filamu ilipendekezwa kuwania tuzo 10 za Oscar, ikapata 2.

Kuhusu sanaa, Kael alikuwa sahihi. Lakini ushindi wake ulifunika hoja ya Crowther iliyostahili kusikilizwa, kwamba waliokufa na waliowasaka walikuwa watu halisi. Filamu inamwonyesha Frank Hamer, askari wa Texas, akitekwa na kudhalilishwa na genge hilo, ilhali hakuwahi kukutana nalo kabla ya kuwavizia na kuwaua Bonnie na Clyde huko Louisiana tarehe 23 Mei 1934. Mjane wake na mwanawe waliwashtaki watengenezaji wa filamu, wakalipwa kwa mapatano nje ya mahakama mwaka 1971, miaka mitatu baada ya Crowther kuachia nafasi yake.