Mwandishi Katika Baraza la Wasomaji

Kitabu ni msafiri asiyerudi nyumbani. Mwandishi hukilea kwa miezi, pengine kwa miaka. Hukitia mikononi mwa mchapaji, na tangu siku ile hana habari nacho. Wewe msomaji, bila shaka umepata kucheka peke yako juu ya ukurasa, au kukesha na taa kwa kuwa hadithi haikukuruhusu kulala. Mwandishi wa ukurasa ule hakukuona. Alikuwa mbali, au amekwisha kufa, au alikuwa amekaa chumbani mwake akijiuliza kama yuko mtu mmoja duniani aliyemwelewa. Kwa karne nyingi watu wawili hawa walikaa pamoja katika kurasa zile zile bila ya kuonana uso kwa uso. Insha hii yataka kukueleza namna walivyokuja kukutana katika zama zetu, na mahali walipokutana, ambapo watu wachache walipatazamia: katika orodha ya vitabu.

Orodha ya vitabu ni jambo la kale. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, mji wa Alexandria katika Misri ulikuwa na maktaba mashuhuri, na mwanachuoni mmoja aliyeitwa Callimachus aliandika orodha ya waandishi na kazi zao, ambayo yasemekana ilijaza magombo 120. Miaka mingi baadaye Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani, aliorodhesha vitabu vyake kwa mkono wake mwenyewe, akavipanga katika mafungu matatu: Kumbukumbu, Akili na Ubunifu. Mwezi wa Agosti 1814 askari wa Uingereza waliuchoma mji wa Washington, na maktaba ya Bunge ikateketea. Jefferson akatoa vitabu vyake vinunuliwe badala ya vile vilivyoungua, na mwaka 1815 Bunge likapata vitabu 6,487 kwa dola 23,950.

Orodha za namna hiyo zilikuwa na faida kubwa, walakini zilijibu swali moja tu: kitabu kiko wapi? Hazikusema nani amekisoma, wala kimemfanya nini aliyekisoma. Mwenye kutaka kujua hayo ilimpasa kungojea barua.

Na barua ziliandikwa. Charles Dickens wa Uingereza alitoa hadithi zake kwa vipande mwezi hata mwezi, na kwa hiyo wasomaji wake waliweza kumpata njiani, safari ya hadithi haijaisha. Mwaka 1849, alipokuwa akitoa hadithi ya David Copperfield, alimtia ndani mwanamke mfupi wa kimo mwenye mwenendo wa kutiliwa shaka. Mama mmoja, jirani yake, ambaye naye alikuwa mfupi wa kimo, akajiona ndani ya picha ile akaumia, akamwandikia Dickens malalamiko yake. Dickens alitahayari. Hadithi ilipoendelea, mwanamke yule aligeuka akawa mtu mwema na jasiri. Tazama basi, msomaji: barua moja ya mtu asiye mashuhuri iligeuza kitabu cha mwandishi mkubwa.

Kwetu Afrika ya Mashariki vilevile mwandishi na msomaji hawakutengana kabisa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilichapa barua na mashairi ya wasomaji wake. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotoa mashairi humo. Desturi ya magazeti yetu ilikuwa kwamba mshairi aulize kwa beti na mshairi mwingine, ambaye labda hawakuonana maishani mwao, amjibu kwa beti. Msomaji wa juma hili aliweza kuwa mtunzi wa juma lijalo. Kumbuka desturi hiyo, maana utaiona tena katika vazi jipya.

Mwisho wa karne ya 20 maktaba nyingi kubwa zilikuwa zimekwisha kuhamisha orodha zao kutoka katika visanduku vya kadi na kuzitia katika kompyuta, na kwa njia ya intaneti mtu aliyekuwa mbali aliweza kuzifungua na kuzisoma. Hapo ndipo alipotokea Tim Spalding, mtu wa mji wa Portland katika jimbo la Maine, Marekani. Yeye alikuwa amesoma elimu ya Wayunani na Warumi wa kale, na alipenda vitabu vyake viorodheshwe kwa utaratibu kama vya maktaba kubwa. Tarehe 29 Agosti 1905 ingalikuwa ndoto. Tarehe 29 Agosti 2005 ilikuwa kweli: siku hiyo alifungua tovuti aliyoiita LibraryThing.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Mtu aliandika jina la kitabu alicho nacho nyumbani. Kompyuta ikaenda kuuliza katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani au ya maktaba nyingine, ikarudi na maelezo kamili: mwandishi, mwaka, mchapaji. Kwa muda mfupi mtu wa kawaida mwenye rafu moja ya mbao alikuwa na orodha safi kama ya chuo kikuu. Lakini jambo kubwa lilikuwa lile lililofuata. Orodha zote ziliwekwa pamoja, na kila mwenye rafu aliweza kuona rafu za wengine. Aliyekuwa na kitabu ambacho hakuna mtu mtaani kwake aliyekijua aliwakuta wenzake, mmoja katika nchi hii na wawili katika nchi ile, wakaanza kuzungumza. Orodha ikageuka ikawa baraza.

Na penye baraza, mgeni hupita. Waandishi walisikia kwamba vitabu vyao vinazungumzwa, wakaja kubisha hodi. LibraryThing iliwaruhusu kwa namna ya hekima. Mwandishi alitambulishwa kuwa ni mwandishi, lakini naye aliingia kama wengine, akiorodhesha vitabu vya rafu yake mwenyewe. Hivyo msomaji aliweza kuona si kazi alizoandika mtu huyo peke yake, bali na vitabu alivyosoma, yaani shamba alimovuna. Kadhalika waandishi waliitwa kwa muda maalumu wajibu maswali ya wanachama.

Mwaka 2007 tovuti hiyo ilianza mpango mwingine. Wachapaji hutoa nakala chache za kitabu kabla hakijauzwa, wanachama huomba, kisha kompyuta hutazama rafu za waombaji, ili nakala zimfikie mtu ambaye vitabu vyake vyaonyesha kwamba anapenda habari za namna hiyo. Apataye nakala hutazamiwa kuandika maoni yake, na ana uhuru wa kukisifu kitabu au kukilaumu. Fikiri maana ya jambo hili kwa mwandishi wa kitabu cha kwanza, asiye na jina wala fedha za matangazo. Zamani alitegemea wahakiki wachache wa magazeti makubwa. Sasa aliweza kusomwa na mwalimu, fundi, au mama wa nyumbani, na kuambiwa waziwazi ni ukurasa upi uliowachosha.

Hata wafu hawakusahauliwa. Wanachama waliojitolea walizichukua orodha za vitabu vya watu mashuhuri waliokwisha kufa, wakaziingiza kama kwamba wenyewe wangali hai. Maktaba ya Jefferson, ambayo sehemu yake kubwa iliungua katika moto mwingine mwaka 1851, ilikamilishwa katika orodha hiyo mwaka 2008. Leo mwanafunzi aweza kulinganisha rafu yake na ya Rais yule na kuhesabu vitabu walivyoshirikiana. Moto uliteketeza karatasi; orodha ikabaki na kumbukumbu.

LibraryThing haikukaa peke yake. Mwezi wa Januari 2007 Otis Chandler na Elizabeth Khuri walifungua Goodreads, pia huko Marekani. Chandler amepata kueleza kwamba fikira hiyo ilimjia alipokuwa nyumbani kwa rafiki yake akitazama rafu ya vitabu. Aliona kwamba akitaka kitabu kizuri, afadhali amwulize rafiki kuliko kuamini tangazo. Goodreads ilikua upesi mno. Msomaji aliweza kukipa kitabu nyota, tangu 1 mpaka 5, na mwandishi aliweza kuushika ukurasa wenye jina lake na kujibu maswali. Ilipofika mwezi wa Machi 2013, ikiwa na wanachama milioni 16, kampuni ya Amazon ilitangaza kwamba imeinunua.

Hapa, msomaji, hapana budi tusimame kidogo, maana kila jambo jema lina upande wake wa pili. Maneno yaliyoijaza Goodreads yaliandikwa bure na wasomaji, kwa mapenzi ya vitabu. Na nyumba waliyoipamba kwa maneno hayo iliuzwa kwa muuza vitabu mkubwa. Hapakuwa na wizi, kwani mwenye nyumba aliuza kilicho chake. Lakini wanachama wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba baraza walilodhani ni la mtaa lilikuwa na mwenyewe. Swali hilo lingali hai: je, maneno ya msomaji ni mali ya nani?

Upande wa waandishi nao ulikuwa na makosa yake. Wengine walibisha hodi kama wachuuzi: hawakusoma vitabu vya watu, hawakuuliza hali, walitandika bidhaa yao katikati ya mazungumzo. Wazee walikwisha kusema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengine walipoona nyota moja chini ya jina lao walishindwa kujizuia, wakaanza kugombana na msomaji aliyeitoa. Ugomvi ulizidi hata Goodreads ikatangaza, mwezi wa Septemba 2013, kwamba itafuta maoni yanayohusu tabia ya mwandishi badala ya kitabu chake. Wasomaji wengi walikasirika, wakasema wananyang'anywa sauti. Mpaka leo waandishi hushauriwa humo wasiwajibu wenye kuwakosoa.

Na wasomaji? Wao pia si malaika. Mwezi wa Juni 2023 mwandishi wa Marekani, Elizabeth Gilbert, alitangaza kwamba ataleta hadithi mpya iitwayo The Snow Forest, yenye mandhari ya Urusi. Wakati huo majeshi ya Urusi yalikuwa yakipigana katika Ukraine, nchi waliyoivamia mwezi wa Februari 2022, na wasomaji wengi wa Ukraine waliona uchungu mkubwa. Katika Goodreads kitabu kile kilipewa nyota moja moja zaidi ya mara 500. Kilikuwa hakijachapwa, waliotoa nyota hizo hawakuwa wamekisoma. Baada ya siku chache Gilbert alitangaza kwamba amekiahirisha kitabu chake. Walikuwapo waliosema kwamba alifanya utu, kwa kuwa aliisikia huzuni ya watu walio vitani. Walikuwapo waliosema kwamba kitabu kimehukumiwa kabla ya kusikilizwa. Linganisha na yule mama aliyemwandikia Dickens: naye alikuwa na uchungu, lakini alisoma kwanza, kisha akaandika barua moja yenye jina lake. Malalamiko yake yalikirekebisha kitabu, hayakukizuia kuzaliwa.

Basi historia hii yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba mashine iliwakutanisha watu, lakini haikuwapa adabu. Adabu ilipaswa kuletwa na watu wenyewe. Mwandishi aliyefaulu katika mabaraza haya ni yule aliyekumbuka kwamba yuko ugenini. Kitabu kikishauzwa, rafu si yake tena. Ni ya msomaji, na msomaji anayo haki ya kukipenda, kukichukia, au kukiacha katikati. Mgeni mwema hupiga hodi, husikiliza kuliko anavyosema, na akiambiwa kwamba chakula alicholeta kina chumvi nyingi, hainuki na sahani yake. Huenda nyumbani akapika tena.

Na mwenyeji mwema ni yule anayehukumu alichokionja. Hapa ndipo jambo hili linapokufikia wewe uliye darasani. Huhitaji kuvuka bahari wala kuwa na kompyuta ili uanze. Chukua daftari, uandike kila kitabu unachokisoma: jina lake, mwandishi wake, mwaka uliokisoma. Chini yake andika mistari mitatu ya kweli, kama kwamba mwandishi ameketi karibu nawe akisikiliza. Usimsifu kwa kumwogopa, wala usimtukane kwa kuwa hakuoni. Ukipata njia ya kuingia katika orodha za dunia, uingie na daftari hilo. Orodha hizo hujazwa na wasomaji. Kitabu cha Kiswahili ambacho hakuna msomaji aliyekisemea hukaa humo kimya, kama mgeni aliyepiga hodi katika nyumba isiyo na watu.

Kwa karne nyingi mwandishi aliuliza, "Je, yuko mtu?" Leo sauti yake yaweza kukufikia. Jibu lako liwe la mtu aliyesoma.