Shosho wa Msituni, Baba wa Ndani ya Gemu

Mwezi wa Aprili 2024 kulitoka albamu moja na gemu moja, na tangu hapo kichwani mwangu vitu hivyo viwili vimekataa kuachana. Albamu ni The Adept ya Lord Spikeheart, Mkenya anayepiga mayowe kuliko mtu yeyote ninayemjua. Gemu ni Tales of Kenzera: Zau, kutoka Surgent Studios, studio ya Uingereza iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji ambaye wazazi wake wana asili ya Kenya. Mmoja anamlilia shosho wa ukoo wake aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau. Mwingine anamlilia baba yake. Ukiniuliza vitu nilivyovifurahia zaidi miaka ya karibuni nitakutajia hivi viwili, halafu nitakusumbua nusu saa nikikueleza kwa nini kimoja kinanishika koo na kingine kinanipapasa tu bega.

Tuanze na kelele.

Ukiweka metali kwa spika nyumbani, kuna mtu atauliza kama huyo anayeimba anatapika, na mwingine atasema ni muziki wa shetani. Sawa. Lakini muziki huu haukuzaliwa kwa shetani, ulizaliwa kiwandani. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa kijana wa miaka 17 mjini Birmingham, akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili. Alikuwa mpiga gitaa wa mkono wa kushoto, na vidole vilivyoumia ni vile vya kubonyeza nyuzi. Alichofanya ni kuyeyusha plastiki ya chupa, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akaanza kuzilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zikilegea sauti inashuka, inakuwa nzito, inakuwa na giza. Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1970. Hiyo sauti ambayo watu wanaihusisha na mapepo ilitokana na kijana wa mtaa wa wafanyakazi aliyekataa kuacha gitaa baada ya mashine kumla vidole.

Nasema hivi kwa sababu kuna swali ambalo kila shabiki wa metali Nairobi ameulizwa: hii si ni ya wazungu? Miaka ya 2000 na 2010 mji huu ulikuwa na mbogi nzima ya bendi, ParkingLotGrass, Last Year's Tragedy, Seismic na wenzao, na wote walipitishwa kwenye hilo swali mpaka wakachoka. Mimi jibu langu ni fupi. Muziki wa jeraha la kazini una uhusiano gani mgumu na sisi?

Spikeheart, ambaye jina lake ni Martin Khanja, alitoka kwenye mbogi hiyo. Yeye na Sam Karugu walikuwa kwenye bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura kabla ya kuunda kundi la watu wawili lililoitwa Duma. Walienda Kampala, wakarekodi kwa Nyege Nyege, na mwaka 2020 albamu yao, Duma, ikatoka. Ukisikia duma kwa Kiswahili unafikiria mnyama wa mbio, na kwa kasi ile ya ngoma za mashine si vibaya kufikiria hivyo. Lakini jina walilitoa kwa Kikuyu, likimaanisha giza. (Nduma pia ni ile ya kula na chai asubuhi, lakini tuyaache.) Ile albamu sikuielewa mara ya kwanza. Haina korasi, haina mahali pa kupumzika, gitaa limesagwa mpaka huwezi kulitofautisha na mashine. Ni baada ya mara tano hivi ndipo unagundua kuna mpangilio, kwamba yale mayowe yanaingia na kutoka kama mtu anayejua njia usiku.

Halafu Spikeheart akaenda peke yake, akaanzisha lebo yake, Haekalu, na The Adept ikawa toleo lake la kwanza la pekee. Ndani kuna wageni kibao, akiwemo Backxwash, rapa mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada. Na albamu yote ameitoa kwa kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, ambaye Spikeheart hujitambulisha kama kitukuu wake.

Hapa lazima tusimame, kwa sababu wengi wetu tulipita shuleni Muthoni akiwa hata si aya moja.

Alizaliwa 1931. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, alianza kama jasusi wa wapiganaji na mpelekaji wa chakula, kisha akaingia msituni mwenyewe. Mume wake, Mutungi, alikuwa mpiganaji pia. Akapanda cheo mpaka kuwa fildi masho, na kwa kawaida hutajwa kama mwanamke pekee aliyefika hapo. Kimathi alikamatwa 1956, akanyongwa Kamiti Februari 1957, na historia nyingi za Mau Mau huishia hapo, kama filamu ambayo nyota wake amekufa. Muthoni hakuwa ameishia hapo. Alibaki msituni hadi bendera ya uhuru ilipopandishwa Desemba 1963. Hesabu mwenyewe. Zaidi ya miaka kumi ya baridi ya Nyandarua, mvua, njaa, ndege za Waingereza zikimwaga mabomu juu ya miti.

Na alipotoka? Alitoka kwenye nchi ambayo rais wake aliwahi kuifananisha Mau Mau na ugonjwa ambao haupaswi kukumbukwa tena. Chama chao kilikuwa kimepigwa marufuku na wakoloni 1950, na marufuku hiyo ilibaki kwenye vitabu vya sheria vya Kenya huru hadi 2003. Soma tena huo mwaka. Mtoto aliyezaliwa wakati huo sasa ana kitambulisho na deni la Fuliza. Kwa miaka 40 ya uhuru, kisheria, Muthoni alikuwa mwanachama wa kundi haramu.

Nywele zake hakuzikata. Rasta alizoanza msituni alibaki nazo karibu miaka 70, akisema anangoja kuona matunda ya uhuru. Aprili 2022 zikakatwa, na aliyeshika makasi ni Mama Ngina Kenyatta, mjane wa yule rais. Picha zilizunguka, watu wakabishana sana mtandaoni, wengine wakiona ni heshima na wengine wakiona ni familia iliyokula matunda ikimnyoa aliyeyapanda. Mimi niko upande wa pili, na sioni aibu kusema. Ila yule mama alikuwa mzee mwenye akili zake timamu na nywele zilikuwa zake, kwa hivyo hasira yangu naielekeza kwingine. Septemba 2023 akafariki, akiwa na miaka 92.

Miezi saba baadaye, albamu.

Sasa, ukitarajia The Adept ikusimulie haya yote utaambulia patupu. Hakuna mahali anasema tarehe fulani kulitokea hiki. Maneno mengi huyasikii kabisa, yamezama kwenye mayowe, na hata ukiyapata hayakupangii hadithi. Kuna wimbo unaitwa 4AM in the Mara, jina tu, na jina hilo linatosha kukuweka mahali penye baridi na giza ambapo unasikia kitu kinatembea. Emblem Blem inakuja kama lango la chuma linalofungwa mara mia. Nilikuwa nikidhani huu ni udhaifu, nikitaka anieleze. Siku hizi naona tofauti, na sababu ni shosho wangu mwenyewe.

Shosho wangu alikulia kwenye vile vijiji vya hali ya hatari. Kuanzia 1954 Waingereza waliwahamisha zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru kwa nguvu, wakawarundika kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na waya, ili wapiganaji wasipate chakula. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Shosho alikuwa mtoto. Ukimuuliza kulikuwaje, anasema tulichimba mtaro, basi, halafu anakuuliza kama umekula. Hajawahi kuongeza sentensi ya pili. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilipokubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa, tulimwonyesha habari kwenye runinga, akatazama mpaka mwisho, akainuka akaenda kuwapa kuku maji. Yeye hakuwa kwenye orodha, na hakuna mtu alikuwa amekuja kumuuliza.

Kwa hivyo nikisikia mtu anapiga mayowe dakika 40 kwa ajili ya mzee wa kizazi kile, na hakuna neno linaloeleweka, sikuoni kama ni kukosa la kusema. Mbona liwe na maneno? Wenyewe hawakuyatoa.

Zau ni kinyume chake kabisa, maze. Zau inaongea.

Kijana anayeitwa Zuberi amefiwa na baba, anafungua kitabu alichoachiwa naye, na ndani ya kitabu tunakutana na Zau, mganga mdogo ambaye naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, wanafanya mkataba: nikuletee mizimu mitatu mikubwa, unirudishie Baba. Unavaa vinyago viwili, cha jua kwa kupigana karibu kwa moto na cha mwezi kwa kurusha kutoka mbali, na unabadilisha katikati ya ruka bila kugusa chini. Ukizoea, vidole vinacheza ngoma. Ni gemu ya pembeni, ya kuruka na kupanda, ya aina ile ambayo unapita mlango usiofunguka, unapata uwezo mpya mbali huko, kisha unarudi kuufungua. Niliicheza kwa Kiswahili, maana sauti za Kiswahili zimo, na saa ya kwanza nilikuwa nachekacheka peke yangu kama mjinga. Sisi tuliolelewa kwenye vibanda vya PS, tukilipia mechi moja moja, tulimalizia kila gemu kwa Kiingereza cha Marekani. Kusikia shujaa akimwita baba yake "Baba", si kwa utani, si kama mhusika wa pembeni anayeuawa haraka, kulinigusa kuliko nilivyotarajia.

Salim mwenyewe ndiye sauti ya Zau kwa Kiingereza. Watu wa magemu wanamjua tangu 2017 alipoigiza Bayek kwenye Assassin's Creed Origins, baba wa Kimisri anayelipiza kisasi cha mwanawe aliyeuawa. Baba anayemlilia mtoto, kisha miaka saba baadaye mtoto anayemlilia baba. Baba yake ndiye aliyemwingiza kwenye magemu, na babu yake alikuwa mganga. Desemba 2023 alipanda jukwaani Marekani kuitangaza Zau na akaongea kuhusu msiba wake mpaka ukumbi ukanyamaza.

Shida yangu na Zau ni mbili. Ya kwanza ni ya historia. Inauzwa kama gemu ya visasili vya Wabantu, na Kalunga kweli ni wa huko: kwa Wakongo ni mpaka wa maji kati ya walio hai na wafu. Lakini ile mizimu mitatu? Impundulu, ndege wa radi, anatoka kusini, kwa Waxhosa na Wazulu. Sawa, ni Wabantu. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu hata kidogo, na ambao Wabantu na wazungu kwa zamu waliwasukuma kwenye ardhi yao. Kikiyaon ni wa Afrika Magharibi, upande wa Senegali na Gambia. Najua msanii ana uhuru wake, na hakuna mtu huwauliza Wagiriki na Wanorwei wakichanganywa kwenye gemu moja. Bado inaniuma kidogo. Wakhoikhoi wana visasili vichache vinavyojulikana nje, na kimojawapo kimeingia duniani na lebo ya jirani.

Ya pili ni kwamba gemu haiwezi kunyamaza. Kuna mibuyu ambapo Zau anaketi na Kalunga kuzungumzia hisia zake, na hisia hizo zinaelezwa wazi sana, kwa lugha ya mshauri nasaha. Mara ya kwanza nilikaa nikasikiliza. Mara ya sita nilitaka kupiga mtu. Lakini nina rafiki aliyefiwa na mzee wake mwaka jana, nikamwazima kidhibiti, na yeye mibuyu ndiyo aliyoitaka. Alikuwa anapita maadui mbiombio ili afike mti unaofuata.

Biashara haikuwaendea vizuri. Gemu iliuzwa dola 20 tu, ikasifiwa, kisha ikavamiwa mtandaoni na watu wasiotaka kuona Mwafrika kwenye skrini yao, mpaka Salim akatoa video kuwajibu. Kufikia Julai studio ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na Oktoba 2024 kitengo cha magemu kikasimamishwa kwa muda. Spikeheart naye ana lebo yake, ziara zake za Ulaya, na huku nyumbani redio hazitampiga hata akilipa.

Zau nimeimaliza mara mbili na nikipata mtu wa kuigawa naye nitaanza ya tatu. The Adept bado sijaimaliza kwa mkupuo mmoja usiku, stima zikiwa zimepotea. Mchana kwa matatu naiweza. Wiki iliyopita niliiweka kwa simu jikoni kwa shosho nikimenya viazi, sauti ya chini, nikidhani hasikii. Akasikiliza kitambo, akauliza huyo ni nani anauawa. Nikamwambia hauawi, ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima. Akasema "ĩĩ", akachukua kisu, akaendelea kumenya, na hakuniambia nizime.