Kushusha na kufufua injini ya pikapu ya zamani nyumbani: Toyota 22R

Kushusha injini ni kuitoa injini iliyochoka kwenye gari, kuifungua hadi ibaki bloku tupu, kupima kila sehemu inayosuguana na nyingine, kuchonga au kubadilisha zilizopita kipimo, kisha kuifunga upya. Gereji nyingi za Afrika Mashariki huita kazi hii ovahoo. Inawezekana kuifanya uani kwa mtu mwenye spana kamili, kitabu cha gari na sehemu kavu isiyo na vumbi, ila si yote: kuboa silinda na kuchonga kranki ni kazi za mashine ambayo hakuna anayeiweka nyumbani. Kinachobaki kwa mwenye gari ni kufungua, kuosha, kupima na kufunga. Nguvu hutumika siku ya kuinyanyua injini na siku ya kuirudisha. Siku zilizobaki ni za maikromita na kitambaa safi, na injini nyingi zilizofufuliwa zikafa tena zilikosa hivyo viwili.

Makala haya yanafuata Toyota 22R, injini ya petroli iliyofungwa kwenye pikapu za Hilux na kwenye pikapu za Toyota zilizouzwa Marekani, ambako imefunguliwa kwenye gereji za nyumbani kwa miongo kadhaa. Kwetu Hilux nyingi za enzi hizo zilikuja na dizeli za familia ya L. Hatua za kufungua na kupima zinafanana kwa kiasi kikubwa, vipimo ndivyo vinavyotofautiana.

Injini yenyewe

Familia ya R ya Toyota ilianza mwaka 1953. 22R ni ya kizazi chake cha mwisho: ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na toleo lake lisilo na kabureta, 22R-E, liliendelea kwenye pikapu za Marekani hadi 1995. Ina silinda 4 katika mstari mmoja, kipenyo cha kila moja milimita 92, mwendo wa pistoni milimita 89, ujazo cc 2,366. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Bloku ni ya chuma na hedi ni ya alumini, na kemshafti moja imelala juu ya hedi ikizungushwa na cheni.

Cheni hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kuitilia shaka. Injini za mwanzo zilikuwa na cheni ya safu mbili. Katika miaka ya 1980 Toyota ilihamia cheni ya safu moja inayopita kati ya miongozo ya plastiki. Cheni ikishalegea kwa umri, hupiga mwongozo wa upande mmoja hadi plastiki ivunjike, kisha huanza kukwangua ukuta wa ndani wa kava la taimingi, ambalo ni la alumini. Nyuma ya ukuta huo kuna maji ya kupozea. Siku ukuta unapotoboka, maji huingia kwenye sampu, na oili ukiichomoa kwenye dipstiki ina rangi ya chai ya maziwa. Fundi asiyeijua injini hii husema gasketi ya hedi imekatika, akabadilisha gasketi, na baada ya muda mfupi maziwa yakarudi.

Maandiko ya Marekani husema mwongozo unaovunjika ni wa upande wa dereva. Huko dereva hukaa kushoto. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asiutafute upande wa kulia: ni wa kushoto, ukitazama mbele ukiwa umekaa kwenye gari.

Mwaka 1985 ni mpaka mwingine. Bloku, hedi na pistoni zilibadilishwa, hivyo vipuri vya kabla na baada yake havichanganywi kwa kubahatisha. Namba iliyogongwa kwenye bloku iandikwe kabla ya kwenda dukani.

Kujua kwa nini imekufa

Kabla ya kulegeza bolti hata moja, injini ipimwe ingali inazunguka. Ipashwe moto, plagi zote zitolewe, mkanyagio wa mafuta ubonyezwe hadi mwisho, na geji ya kompresheni iwekwe silinda moja baada ya nyingine. Kitabu cha Toyota kinataka psi 171, na chini kabisa 142, na silinda zisipishane kwa zaidi ya 14. Silinda iliyo chini imiminiwe kijiko cha oili kisha ipimwe tena. Ikipanda, ringi au kuta za silinda zimechoka. Isipopanda, tatizo liko juu: valvu hazikalii vizuri, au gasketi. Silinda mbili za jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika katikati yao.

Moshi nao una maana. Wa buluu unaotoka gari likiondoka baada ya kukaa silensa mara nyingi ni sili za valvu, na hizo hubadilishwa bila kushusha injini. Wa buluu usiokoma mlimani ni ringi. Injini inayonoki kwa sauti nzito mzigo ukiongezeka ina beringi zilizokwisha, na ikiendelea kuendeshwa hivyo huiharibu kranki ambayo ingeweza kuokolewa.

Kushusha na kufungua

Betri huondolewa kwanza, kisha maji, oili, boneti, rejeta na feni. Kila waya na mpira wa vakyumu ufungwe karatasi yenye namba. 22R yenye kabureta ina mipira mingi kiasi kwamba hata fundi mzoefu hupiga picha. Bolti za mfumo wa ekzosi zimwagiwe mafuta ya kulegeza kutu tangu siku iliyotangulia, kwa sababu zikikatika ndani ya alumini ya hedi, kazi ya mchana mmoja inakuwa ya wiki.

Gia boksi inaweza kubaki garini ikiegemezwa kwa jeki. Injini hunyanyuliwa kwa chenibloku au kreni ndogo. Gereji za chini ya mwembe hutundika chenibloku kwenye tawi, na mara nyingi tawi hushika. Mhimili wa mabomba matatu ya chuma ni wa kuaminika zaidi, na hakuna sababu ya mtu kuingia chini ya injini inayoning'inia.

Hedi ina mtego unaostahili kuelezwa kwa kirefu. Bolti 10 hushikilia kwa pamoja hedi na fremu ya roka iliyo juu yake. Hulegezwa kidogo kidogo kwa awamu, kuanzia pembeni kuelekea katikati, ili alumini isipinde. Zikishatoka zote, hedi bado haing'oki, na hapo ndipo bisibisi na nyundo huchukuliwa kwa hasira. Kuna bolti moja zaidi. Iko mbele kabisa, chini ya gia inayoendesha disitributa, kwenye kishimo ambacho mara nyingi kimejaa oili, na inaishika hedi na kava la taimingi. Oili ifyonzwe kwa kitambaa, spana namba 12 iingizwe, itoke. Kava nyingi zimepasuliwa kwa kuisahau bolti hii.

Sehemu zilizosuguana pamoja hubaki pamoja. Vifuniko vya beringi kuu 5 vina namba na mshale wa kuelekea mbele. Vya konrodi visipokuwa na alama inayosomeka vigongwe kabla ya kufunguliwa, kwa sababu kila kifuniko kilichongwa kikiwa kimefungwa kwenye konrodi yake na hakikai sawasawa kwenye nyingine. Miguu ya bolti za konrodi ivishwe vipande vya mpira wa mafuta pistoni zinapotoka, vinginevyo nyuzi zake hukwaruza kranki.

Kupima na mashine

Hapa ndipo kazi ya nyumbani inapokutana na ya karakana. Lori kubwa kama Scania lina slivu zinazotolewa, hivyo seti ya slivu, pistoni na ringi hubadilishwa bila bloku kutoka kwenye chesisi, hata kando ya barabara. 22R haina slivu za namna hiyo. Pistoni hupanda na kushuka kwenye chuma cha bloku yenyewe, na ikilika, bloku huboiwa na kupewa pistoni kubwa zaidi. Saizi za kiwandani ni 0.50 na 1.00. Ikiboiwa kwa 0.50, silinda inakuwa na milimita 92.50 na injini inafika cc 2,392, tofauti ambayo dereva hataihisi. Pistoni zinunuliwe kwanza, bloku ichongwe kuzifuata, si kinyume chake. Kuweka ringi mpya kwenye silinda iliyokwisha kuwa yai ni kununua wiki chache za matumaini.

Hedi iwekewe rula ya chuma iliyonyooka na fila geji ipitishwe chini yake. Upindaji ukizidi milimita 0.15, ni wa kuchongwa au kutupwa. Gari lililowahi kuchemsha lipimwe pia nyufa, hasa kati ya valvu. Kemshafti irudishwe kwenye viti vyake na izungushwe kwa vidole. Ikikaza, hedi imepinda hata kama sehemu ya chini imeshachongwa ikanyooka.

Bloku ikirudi kutoka karakana inaonekana safi, na si safi. Mawe ya honi huacha unga wa kusagia ndani ya mistari iliyokatana kwenye kuta za silinda, na petroli au mafuta ya taa hayautoi, huuzamisha zaidi. Unaotakiwa ni maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, halafu kitambaa cheupe chenye oili kidogo kipitishwe ukutani. Kikitoka na kijivu, osha tena. Kikitoka cheupe, paka oili papo hapo, maana chuma kibichi huanza kutu ndani ya dakika. Njia za oili ndani ya bloku na kranki zipitishwe brashi nyembamba na upepo wa kompresa.

Kufunga

Beringi huingia kavu mgongoni na zenye oili usoni. Kabla ya kuzifunga moja kwa moja, uzi laini wa plastiki uliotengenezwa kwa kupimia hulazwa juu ya kranki, kifuniko hufungwa kwa toki renchi, kisha hufunguliwa na upana wa uzi uliominywa hulinganishwa na karatasi yake. Nafasi ya oili inayotakiwa ni milimita 0.025 hadi 0.055. Beringi kuu hukazwa Nm 103, konrodi Nm 69, bolti za hedi Nm 78 kwa awamu tatu kuanzia katikati kuelekea nje. Baada ya kila kifuniko kranki izungushwe kwa mkono. Ikigoma ghafla, kilichofungwa mwisho ndicho chenye kosa.

Miongozo mipya ya cheni iwe ile yenye mgongo wa chuma, na kava la taimingi lenye michubuko ya ndani libadilishwe bila huruma. Pingili zinazong'aa kwenye cheni hulinganishwa na alama za gia, kisha kranki izungushwe mizunguko miwili kamili kwa spana kabla ya kuamini. Pampu ya oili, iliyoko mbele ya kranki nje ya kava, ijazwe vaselini ili ishike oili mara ya kwanza inapozunguka. Gasketi kavu ndiyo ya kawaida kwa hedi. Silikoni hupakwa tu pale ambapo bloku, kava na hedi hukutana.

Kuwasha na kuizoesha

Plagi zikiwa nje, injini huzungushwa kwa stata hadi taa ya oili izime. Baada ya hapo plagi hurudi na injini huwashwa. Haiachwi silensa kwa muda mrefu: ringi mpya zinahitaji mgandamizo wa kazi ili zisuguane na ukuta hadi zikae, na injini inayobembelezwa sana hujenga utando wa kung'aa kwenye silinda na kuanza kula oili daima. Barabara tambarare, mwendo unaopanda na kushuka, bila mzigo mzito na bila tela.

Ikiwa bado ya moto, valvu husetiwa milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa. Oili ya kwanza humwagwa mapema, kabla ya kilomita 1,000, na filta yake hukatwa kwa msumeno. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho vya rangi ya shaba au fedha ni beringi, na sampu ishushwe kabla gari halijaendeshwa tena.